Re: Usaili wa Jeshi la Polisi kwa kijana wa Nansio

Ndugu, umeuliza mdogo wako wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ajiandae vipi kwa usaili wa Polisi, na kama atulie na kukariri historia ya Jeshi. Historia aipitie kwa jioni moja tu. Vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA avihakiki mapema, hasa tahajia ya majina, kwa sababu jina lililotofautiana herufi moja huzua maswali yasiyo ya lazima.

Muda mwingi autumie kwenye maswali ya tukio. Ajiulize, kwa mfano, angefanya nini iwapo wavuvi wa mwalo (bandari ndogo ya wavuvi) mmoja wamemzingira kijana wanayemtuhumu kuiba injini ya mtumbwi, huku baadhi ya wavuvi hao wakiwa ndugu wa askari mwenyewe. Jibu linaloanza na kumkamata mtuhumiwa ni pungufu, kwani la kwanza ni kumwokoa asipigwe, kisha kumfikisha kituoni, kumpatia PF3 (fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitalini) akiwa amejeruhiwa, na kulinda injini kama kielelezo. Akiulizwa kuhusu dhamana, aseme bila kusita kwamba dhamana ya polisi haitozwi ada.

Ajiandae pia kueleza atafanyaje mjomba wake akikutwa na kokoro, zana ya uvuvi iliyopigwa marufuku. (Huku kwetu kila mtu ana mjomba mvuvi.) Asijigambe kwamba atamfunga, aeleze kwamba atamjulisha mkuu wa kituo uhusiano huo ili shauri lishughulikiwe na askari mwingine.