Deki chotara, deki mseto au deki mahuluti?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Bukavu. Tuko kikundi cha vijana wa Kadutu, tunacheza Yu-Gi-Oh! Master Duel, mchezo wa karata, kwenye simu, na mchezo wenyewe tunausoma kwa Kifaransa. Nimeanza kuwaandikia wenzangu maelezo ya Kiswahili: namna ya kujenga deki (rundo la karata la mchezaji) inayochanganya familia mbili, yaani makundi mawili ya karata zinazosaidiana. Niliandika "deki chotara". Mmoja akaniambia chotara ni tusi, niandike "mseto". Mwingine aliyesoma Tanzania anashikilia kwamba neno la kitaalamu ni "mahuluti". Tena nikiandika "changanya karata" wananiuliza: kuchanganya kwa kujenga, ama kule kwa mwanzo wa mchezo? Na ile hali ya kuanza na karata tano zisizofaa kitu, tuiteje?

JIBU: Maneno yote matatu ni Kiswahili, ndugu yangu, na hakuna hata moja la kutupa. Mnachogombania ni lipi lichukue nafasi ya mengine, wakati deki za kuchanganya zenyewe ni za aina mbili na kila aina inadai jina lake.

Tuanze na mseto. Pwani, mseto ni chakula, mchele uliopikwa pamoja na choroko. Kutoka jikoni neno likaingia kwenye siasa, tukapata serikali ya mseto, na shambani, tukapata kilimo mseto. Kwa hili la shamba mtu wa Bukavu hahitaji kamusi. Panda hadi Kabare au Walungu, utakuta mahindi na maharage yamesimama kwenye shamba moja. Mahindi yakikauka, maharage bado yanaingia chunguni. Ndiyo maana ya mseto ninayotaka uishike: vitu viwili vimekaa pamoja, kila kimoja kina jina lake, na kimoja kikikosekana kingine bado kinalisha nyumba.

Chotara ni habari nyingine. Mbegu chotara ya mahindi ina wazazi wawili, na ukikosa mmoja huna mbegu. Mahuluti, neno lililotoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu kilichochanganywa, linatembea jirani kabisa na chotara, ila limevaa suti: utalikuta zaidi kwenye maandishi ya kitaalamu. Je, chotara ni tusi? Kwa mbegu na kwa ng'ombe, hapana. Kwa binadamu linachoma, na anayeitwa hivyo ndiye mwenye haki ya kusema linachoma kiasi gani. Kwa kuwa kwenu limeshamkera msomaji mmoja kabla mwongozo haujakamilika, liache. Mahuluti litafanya kazi hiyo hiyo bila ugomvi.

Basi gawa hivi. Deki ambayo familia ya kwanza inaweza kuanza mchezo peke yake, na ya pili vilevile, iite deki mseto. Deki ambayo haiendi mpaka ushike karata ya familia ya kwanza pamoja na ya pili, iite deki mahuluti. Kwa ufupi, mseto ni deki ya "au" (mnayosema "ao" huko kwenu), na mahuluti ni deki ya "na".

Usidhani ni madoido ya mwalimu wa lugha. Tofauti hii inahesabika. Master Duel inataka deki kuu ya karata 40 hadi 60, nakala zisizozidi 3 za karata moja, na unaanza na karata 5 mkononi. Chukua deki ya 40. Weka karata 9 za kuanzia kutoka familia ya kwanza na 9 kutoka familia ya pili. Ikiwa yoyote kati ya hizo 18 inatosha kukuanzisha, utakuwa na angalau moja mkononi katika michezo 96 kati ya 100. Ikiwa ni lazima ushike moja ya huku na moja ya kule, unashuka hadi 52. Karata ni zile zile, idadi ni ile ile. Kilichobadilika ni kiunganishi.

Hapa ndipo mwongozo wako unapoweza kumpoteza msomaji. Katika mazungumzo "na" yetu hubeba kila kitu. Mtu anasema "deki hii inaanza na A na B", akimaanisha kwamba A inaanzisha, na B pia inaanzisha. Wa pili anaelewa kwamba zinatakiwa zote. Andika "ama A ama B" kwa mseto, na "A pamoja na B, zote mbili" kwa mahuluti. Marudio kidogo ni afadhali kuliko mtu kutumia vito vyake (pesa ya humo mchezoni) kununulia nusu ya deki isiyotembea.

Karata inayokwenda kuchukua nyingine kutoka kwenye deki ihesabiwe upande wa karata inayoletwa. Ndivyo watu wanavyofika 9 bila kuwa na karata tatu tofauti za nakala tatu-tatu zenye nguvu. Na anayejaza deki mpaka 60 kwa sababu familia ni mbili, mwonyeshe hesabu: kwa zile zile 9 na 9, mseto unashuka kutoka 96 hadi 84, na mahuluti yanaporomoka kutoka 52 hadi 30. Mseto unavumilia unene kidogo. Mahuluti hayavumilii.

Mseto nao una ugonjwa wake, na haumo kwenye hesabu hizo. Kuna mwito wa kawaida, yaani kushusha kiumbe mezani kutoka mkononi, mmoja tu kwa kila zamu. Familia zote mbili zikitaka kuanza kwa mwito huo, ni abiria wawili wamelipia kiti kimoja cha teksi: mmoja atabaki barabarani, hata kama wote wawili wamo mkononi. Kwa hiyo familia ya pili ichaguliwe kati ya zile zinazoweza kushusha karata zake kwa mwito maalumu, ule usiobanwa na kikomo hicho. Ugonjwa wa pili ni makatazo yaliyoandikwa mwishoni mwa karata, kwa herufi zile ndogo ambazo vijana wanaziruka. Karata Branded Fusion, kwa mfano, inakuzuia katika zamu unayoitumia usiite kutoka deki ya ziada (rundo la pembeni, mbali na deki kuu) dubwana lolote ambalo si la aina ya Fusion. Ukiipandikiza kwenye familia inayoishi kwa Link au Xyz, aina nyingine za madubwana ya deki hiyo, kila nusu ni nzima ukiitazama peke yake, lakini hazilimi siku moja. Tena deki ya ziada haizidi karata 15 kwa familia zote mbili. Kabla ya kuandika neno "mseto" juu ya ukurasa, hesabu kila upande unahitaji ngapi humo.

Nimesema "dubwana" makusudi. Ni neno zuri la Kiswahili kwa kiumbe kikubwa cha kutisha, wingi wake madubwana, na linapungia mkono "monstre" ya kwenye skrini yenu bila kuiiga. "Zimwi" lina hadithi nyingi za bibi nyuma yake, na si kila karata inakula watoto.

Sasa kuchanganya. Wenzako wana haki ya kuuliza, kwa sababu siku hizi kitenzi hiki kinatumika kwa yote mawili. Lakini Kiswahili cha wacheza karata kina neno lake la zamani kwa kile kitendo cha kuzivuruga kabla ya kugawa: kuchanga karata. Ndilo lililo ndani ya msemo wa kumwambia mtu achange karata zake vizuri, ambao watu wanautumia kwenye siasa bila kukumbuka meza ulikotoka. Najua kwamba kwenu kuchanga kunaleta kwanza picha ya likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) na bahasha ya msiba. Hakuna shida, neno "karata" likikaa pembeni yake hakuna atakayetoa pesa mfukoni. Kwa hiyo: unachanganya familia mbili unapojenga deki, simu inachanga karata mchezo unapoanza. Vitenzi viwili, kazi mbili, na swali la wenzako linaisha.

Kwa kuwa tumefika kwenye karata: usihangaike na "kadi". Kadi imetoka Kiingereza na imezoea mambo ya chama, kliniki na mwaliko wa harusi. Karata ililetwa pwani na Wareno, pamoja na turufu, kopa, uru na pau, na inasikika karibu na "carte" mliyoizoea. Ubaya wake ni mmoja, wazazi wakiisikia wanafikiria kamari. Hilo mtalimaliza wenyewe nyumbani. Wingi wake haubadiliki: karata moja, karata tatu, karata hizi. "Makarata" nayasikia sana kutoka Kivu, na mdomoni hayana kosa; ni lahaja yenu, msione haya. Kwenye mwongozo utakaosomwa pia Lubumbashi au Kigoma, andika karata.

Tafadhali tenganisha karata na nakala. "Weka karata 3 za kuanzia" mtu mmoja ataelewa karata tatu tofauti, mwingine nakala tatu za karata moja. Andika "karata 3 tofauti, nakala 3 za kila moja", na hapo 9 inajieleza yenyewe.

Deki nayo ina kituko. Kwa Waswahili wa mashariki, kupiga deki ni kupangusa sakafu kwa maji na tambara, neno lililoshuka kutoka melini. Andika "jenga deki", "panga deki", hata "suka deki" ukipenda. Usiandike "piga deki", maana msomaji wa Mombasa atakuletea ndoo. Ukitaka kukwepa kabisa, kamusi zina "jozi ya karata" kwa rundo zima, lakini jozi kwa watu wengi ni viatu viwili, kwa hiyo sikushauri.

Kuhusu karata tano zisizofaa kitu, wengi hukimbilia "mkono mtupu". Hapana. Mkono mtupu hauna kitu, na wako umejaa. Taabu ni kwamba umejaa vitu visivyokwenda. Sisi tuna kukwama. Gari la mizigo limejaa hadi juu na halitoki kwenye tope: hiyo ndiyo hali yako. "Mkono umekwama." "Nimekwama zamu ya kwanza." Nomino yake ni mkwamo, wingi mikwamo, na inakaa vizuri kwenye kichwa cha habari.

Usichanganye mkwamo na kisababishi chake kimoja, ile karata ambayo lazima iwe ndani ya deki kwa sababu nyingine itaifuata huko, lakini ikikujia mkononi ni hasara. Hiyo iite karata mzigo. Deki za kuchanganya huwa nayo zaidi kuliko nyingine, kwa kuwa kila familia huja na mzigo wake. Mzigo mmoja katika deki ya 40 utakuangukia katika karata 5 za kwanza kwa asilimia 12.5. Ukiwa na miwili, uwezekano wa kukutana na angalau mmoja unakaribia asilimia 24. Ndiyo maana wanaojua hukubali mzigo wa upande mmoja, na wakiona familia ya pili nayo inaleta wake wanauliza kwanza kama hakuna sehemu yake ndogo inayofanya kazi bila huo. Sehemu hiyo ndogo, karata 6 au 9 zinazotembea zenyewe, iite injini. Neno limeshazoeleka.

Sentensi uliyoniletea ilisema: "Ili kuwa na deki chotara nzuri, changanya karata 9 za A na karata 9 za B, usipopata utakuwa na mkono mtupu." Ningeiandika hivi:

"Deki hii ni mseto: ama A ama B inaanzisha mchezo. Katika deki ya 40 weka karata 3 tofauti za kuanzia za A na 3 za B, nakala 3 za kila moja. B isitumie mwito wa kawaida. Huo ni wa A. Mzigo ni mmoja tu, wa A, nakala 1. Simu ikishachanga, tazama karata zako 5: ukikosa A na B zote mbili, umekwama, na hilo litakupata kama mara 4 katika michezo 100."