Barua za Ndege: Kabla Hujamleta Kasuku Nyumbani

Shikamoo mama. Nina umri wa miaka 34, nina mke na watoto wawili. Tangu utotoni natamani kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu. Hivi karibuni nilisoma habari za Alex, kasuku aliyejua rangi na hesabu, hamu ikazidi. Mimi na mke wangu tunatoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku. Watoto wako shule ya bweni. Muuzaji ananiambia huyu ni kifaranga mtulivu, hana usumbufu. Nimchukue? Na ataanza kusema baada ya muda gani?
*Baba wa wawili*

Marahaba baba. Nianze na saa zako, maana ndizo zilizonishtua. Kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku ni saa 13. Kasuku hulala kwa muda wa saa 10 hadi 12, kwa hiyo mkirudi nyumbani yeye anataka giza na kimya. Mtaonana lini?

Naliuliza hili kwa uchungu kwa sababu nilimfanyia hivyo ndege wangu mwenyewe. Kito alikuwa na miaka 4 nilipobadilishiwa zamu kazini, nikawa naondoka alfajiri na kurudi usiku. Chakula alikuwa nacho, maji safi, tundu kubwa. Mwezi wa pili nikaanza kuokota manyoya chini ya tundu kila asubuhi: kwanza yale laini ya kifuani, halafu marefu ya mbawa, yametafunwa hadi kwenye shina. Kifua kikabaki ngozi tupu kama cha kuku aliyenyonyolewa. Daktari wa mifugo akampima damu na kinyesi, akamkagua ngozi, hakuona ugonjwa. Kisha akaniuliza, "Anashinda na nani?" Sikuwa na jibu.

Huko msituni kasuku hawa hulala kwa makundi makubwa, na mchana hutafuta chakula pamoja huku wakiitana. Ule mlio mkali unaoyakera masikio ya jirani mara nyingi ni swali tu: uko wapi? Ndege aliyezaliwa na swali hilo kinywani, akiuliza kutwa asijibiwe, mwisho hujigeukia mwenyewe. Mimi nilibembeleza nikarudishiwa zamu ya zamani, na dada yangu akawa anakuja adhuhuri kukaa naye. Tukawa tunamfungia mbegu ndani ya karatasi ili azitafute, tunampa maboksi ya kurarua, tunamnyunyizia maji ya vuguvugu kwa chupa ya kupulizia. Manyoya yalirudi baada ya miezi 11. Chini ya bawa la kushoto hayajarudi hadi leo.

Sasa Alex. Mtafiti Irene Pepperberg alimpata mwaka 1977, na ndege huyo alikufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31. Ni kweli alizijua rangi, maumbo na majina ya vitu vingi. Lakini angalia alivyofundishwa: watu wawili walikaa mbele yake, mmoja akauliza, mwingine akajibu, naye akitazama na kugombania zamu yake, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Alex alikuwa na watu mchana kutwa. Ukimtaka ndege wa namna ile, unataka pia maisha ya namna ile.

Wengi huanza kutamka maneno wakifikisha mwaka au zaidi. Wengine hawasemi kamwe, na hakuna muuzaji anayeweza kukuahidi. Tena anayechagua maneno si mfugaji. Mimi nilimfundisha Kito salamu kwa miezi mingi. Yeye akashika mlio wa bawaba za mlango na kikohozi cha mume wangu. Mume wangu ni marehemu sasa, mwaka wa sita huu, na jioni Kito bado anakohoa vilevile, mara mbili kisha kimya. Siku za kwanza nilikuwa natoka chumbani. Siku hizi nakaa karibu nimsikilize.

Jambo la umri huwa halisemwi wakati wa kununua. Kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huishi miaka 40 hadi 60. Una 34, akiishi 50, utakuwa na 84. Nani atakuwa naye baada yako? Mimi nimemwandika mpwa wangu kwenye wosia, naye huja kila Jumamosi kumlisha ili wazoeane mapema, kwa kuwa ndege hawa hawapokei mtu mpya kwa siku moja.

Kuhusu huyo "kifaranga mtulivu", mtazame machoni. Kasuku wa kijivu mchanga ana macho meusi. Anapokua hubadilika kuwa kijivu, kisha manjano hafifu. Ukiona macho ya manjano, umeonyeshwa mtu mzima. Utulivu nao ukutie shaka: ndege mgonjwa huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie, kwani porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa. Anayekaa amejitunisha manyoya, anasinzia mchana kwa miguu yote miwili, mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, huyo si mtulivu, anaumwa. Tafuta na pete ya mguuni, ile isiyo na kiungo. Pete hiyo huvishwa kifaranga angali mdogo sana, haiwezi kupita kwenye mguu wa mkubwa, kwa hiyo ni ushahidi kwamba aliangulwa kwa wafugaji. Bila pete na bila karatasi, huenda ametolewa msituni kwa ulimbo au nyavu, na wengi wa wanaokamatwa hivyo hufa kabla hawajafika sokoni. Mwaka 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyamapori, huko Johannesburg ulimhamishia kasuku wa kijivu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya ndege hawa wa porini imepigwa marufuku. Uliza sheria za kwenu kabla hujatoa pesa.

Jibu langu: usimchukue. Siku saa zako zikibadilika niandikie tena, nitakusaidia kumtafuta kwa moyo wote.

Mama, binti yangu wa miaka 9 ameomba bajerigari. Anataka atue kidoleni. Tuchukue mmoja au wawili? Na dume tutamjuaje?
*Mama wa binti mmoja*

Dada, binti yako amechagua vizuri. Bajerigari ndiye kasuku mdogo wa Australia, ana gramu 30 hadi 40 tu, na huishi miaka 5 hadi 10. Usimdharau kwa udogo: dume mmoja aliyeitwa Puck aliingia kwenye kumbukumbu za rekodi za dunia kwa kujua maneno 1,728. Sauti yao ni nyembamba na ya haraka, sikio hulizoea polepole.

Mtafute mchanga. Utamjua kwa mistari midogo inayoteremka utosini mpaka puani. Anapobadilisha manyoya kwa mara ya kwanza, akiwa na miezi mitatu au minne, mistari hiyo hurudi nyuma na paji la uso hubaki jeupe au manjano. Kwa waliokomaa tazama ile nyama iliyo juu ya mdomo: ya dume kwa kawaida ni bluu, ya jike hudhurungi. Kuna rangi za manyoya zinazovuruga kanuni hii, dume akabaki na nyama ya waridi, kwa hiyo kama ni mweupe mtupu au manjano mtupu usibishane na mtu.

Mmoja au wawili? Mimi husema wawili, isipokuwa kama kuna mtu nyumbani siku nzima. Mtakachopoteza ni kwamba watazungumza wao kwa wao zaidi kuliko na binti. Basi anza na mmoja kwa majuma kadhaa. Binti aweke mkono ndani ya tundu dakika tano asubuhi na tano jioni, asimkamate, ashike tu punje za mtama kiganjani. Siku ndege atakapokanyaga kidole mwenyewe, hapo mlete wa pili, akae kwanza chumba kingine siku 30 ili kama ana ugonjwa ujulikane.

Tundu liwe refu kwa upana kuliko kimo, maana ndege huruka kwenda mbele, hapandi kama lifti. Vile vijiti vya plastiki vinavyokuja na tundu viondoe, weka matawi halisi ya unene tofauti. Kasuku hushika kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma. Akishika unene uleule miaka yote, nyayo huota vidonda. Na usimlishe mbegu tupu hata kama ndizo anazozililia: zina mafuta mengi na vitamini A kidogo. Mboga za majani na karoti iliyokwaruzwa kila siku, hata akizikataa wiki tatu za mwanzo.

Kusafisha na kubadilisha maji ni kazi yako, dada. Mtoto wa miaka 9 atasahau, na ndege huyu hana akiba mwilini ya kungoja akumbukwe.

Nina pumu, lakini nimempenda sana kakatua mweupe, yule kasuku mwenye kishungi. Kuna shida?

Ipo. Kakatua, kokateli na kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe laini kutoka kwenye manyoya yao. Utaukuta juu ya kila kitu. Zungumza na daktari wako, kisha ukae kwenye chumba cha mtu anayemfuga, kwa muda wa saa tatu au nne, tena zaidi ya mara moja. Sauti ya kakatua utaipima hukohuko. Kifua kikibana, mpende ukiwa mbali.

Cherero wangu wawili, wale kasuku wadogo waitwao pia lovebird, nimewaweka jikoni kwa sababu kuna joto na watu hawakosekani. Ni sawa?

Hapana, ndugu yangu. Vikaango visivyogandisha chakula vikipata moto kupita kiasi hutoa hewa ambayo wewe huisikii, nayo humuua ndege kwa dakika chache. Mapafu yao yameunganishwa na vifuko vya hewa na hufyonza hewa kwa ufanisi kuliko yetu, kwa hiyo sumu huwafikia kwanza. Hukohuko jikoni pia ndiko wanakodonoa parachichi na chokoleti, na vyote viwili ni sumu kwao. Sebuleni, ukutani, mbali na dirisha lenye jua kali. Wahamishe leo, kabla hujawasha moto wa chakula cha jioni.