Niliripoti mgonjwa kupigwa, sasa ninayeandikiwa barua ni mimi

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wazazi ya hospitali inayomilikiwa na taasisi ya dini hapa Tanzania, na huu ni mwaka wangu wa nne kazini. Mara mbili nimemwona mwenzangu aliyenizidi cheo akimpiga makofi ya mapajani mama aliyekuwa katika uchungu, huku akimtukana. Mara ya kwanza nilimweleza kiongozi wa wodi, mara ya pili nikamweleza metroni, wote kwa mdomo. Wiki tatu baadaye nilianza kupangiwa zamu za usiku mfululizo, kisha nikapewa barua ya kujieleza kwa nini ninachelewa kazini, jambo ambalo halikuwahi kusemwa kabla. Tukio la pili nililirekodi kwa simu. Wenzangu katika kundi letu la WhatsApp wananishauri niiweke video mtandaoni ili uongozi usithubutu kunigusa, na kuna bwana mmoja anayesema kwamba kwa malipo ataniandikia barua isiyo na jina kwenda kwa waziri. Je, wanaweza kunifukuza? Na hiyo video inanilinda?

JIBU: Marahaba, ndugu muuguzi. Usiiweke video hiyo mtandaoni, usiitume kwenye kundi lolote, na usimpe bwana huyo hata shilingi moja. Ninaanza na hilo kabla ya kufika kwenye kufukuzwa kwa sababu maswali ya namna hii yananijia mara kwa mara, na mara nyingi mno yananifikia wakati video imekwisha kuzunguka nchi nzima, na anayetafutwa si aliyempiga mgonjwa tena bali ni aliyerekodi.

Kuhusu kufukuzwa, sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba si sababu halali kumwachisha kazi mfanyakazi kwa kuwa ametoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka kuitoa, na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamkinga anayetoa taarifa kwa nia njema dhidi ya kufukuzwa, kusimamishwa, kunyanyaswa na kutishwa. Hata hivyo, mwajiri yeyote anayejua anachokifanya haandiki kwamba anakuachisha kwa sababu uliripoti. Anaandika kwamba unachelewa. Anabadilisha ratiba yako ya zamu, anakuhamishia kitengo ambacho ujuzi wako hautumiki, tathmini yako ya utendaji inashuka bila maelezo, ruhusa yako ya kwenda masomoni inakwama mezani, na kama uko kwenye mkataba wa muda maalumu, unaambiwa tu kwamba hautahuishwa. Wenzako nao huacha kukaa nawe wakati wa chai, na huenda hilo likakuumiza kuliko barua yenyewe. Ulinzi wa kisheria hauzuii mambo haya yasitokee. Unakupa haki ya kuyadai yarekebishwe, na anayedai ndiye anayetakiwa kuja na vielelezo.

Na hapa ndipo ninapoona wauguzi wengi wakijiumiza wenyewe. Unasema uliripoti. Ukweli ni kwamba ulizungumza na watu wawili korido, na siku shauri litakapofika mbele ya mwamuzi, metroni atasema kwa utulivu kabisa kwamba hakumbuki mazungumzo hayo, au kwamba mlizungumzia upungufu wa glavu. Huwezi kuthibitisha kwamba barua ya uchelewaji ni kisasi iwapo huwezi kuthibitisha kwamba kabla yake kulikuwa na taarifa. Kwa hiyo taarifa iandikwe hata sasa, na ieleze kwamba ulikwisha kuitoa kwa mdomo, kwa nani na lini. Iandike kwa lugha kavu. Usiandike kwamba mwenzako ni katili. Andika tarehe, saa, namba ya kitanda, mkono upi ulipiga wapi na mara ngapi, maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa, nani mwingine alikuwa chumbani, na hali ya mama na mtoto baada ya hapo kama ilivyoandikwa kwenye jalada. Jina la mama lisiwemo. Namba ya jalada inatosha, na ionekane tu kwenye nakala inayokwenda kwa mwenye mamlaka ya kuisoma. Toa nakala mbili, zipeleke masijala, na usiondoke pale dirishani mpaka nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, ikiwa na tarehe na sahihi ya aliyepokea. Karatasi hiyo moja yenye mhuri ina uzito kuliko video kumi.

Najua sentensi hiyo itawaudhi wengi katika kundi lenu, kwa hiyo niieleze. Imani kwamba video humlinda aliyeichukua ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inasambazwa na watu ambao hawatakuwepo siku ya kikao cha nidhamu. Katika video yako kuna mama aliye nusu uchi, katika saa ngumu kuliko zote za maisha yake, ambaye hakuombwa ruhusa. Yeye alipigwa na mwenzako. Ukiirusha mtandaoni, wewe utakuwa umemvua nguo mbele ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na kutunza siri ya mgonjwa ni sehemu ya maadili yanayosimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo ndilo linaloshika leseni yako. Mwajiri aliyekuwa akihangaika kutengeneza kosa la uchelewaji sasa atakuwa amepewa kosa la kweli, lenye ushahidi ulioutengeneza mwenyewe.

Yamekwisha kutokea, na kwa mtu mwenye nia njema kabisa. Nchini Uingereza, muuguzi Margaret Haywood alirekodi kwa siri hali ya wazee waliotelekezwa katika wodi ya hospitali moja mjini Brighton, na picha hizo zikarushwa na kipindi cha Panorama cha BBC mwaka 2005. Hakuna aliyebisha kwamba wazee wale walikuwa wakiteseka. Mwezi Aprili 2009 baraza la wauguzi la nchi hiyo lilimfuta kwenye orodha ya usajili kwa kukiuka siri za wagonjwa, na moja ya hoja zilizommaliza ni kwamba hakutafuta kwanza njia nyingine za kuwasaidia wagonjwa wale. Wauguzi na wananchi walipiga kelele, chama chake kikasimama naye, na ilipofika Oktoba mwaka huohuo adhabu ilipunguzwa ikawa onyo la mwaka mmoja. Mimi naiona adhabu ya kwanza kuwa ilizidi mno. Lakini zingatia nguvu iliyohitajika kumrudisha: kituo cha televisheni, chama kikubwa cha wauguzi na maelfu ya sahihi za wananchi. Wewe una kundi la WhatsApp.

Hii haina maana kwamba uifute. Ushahidi wa kielektroniki hupokelewa katika vyombo vyetu vya sheria. Iache kwenye simu ileile iliyorekodi, usiikate, usiiwekee maandishi, usiipitishe kwa mtu wa kati, na katika taarifa yako sema tu kwamba ipo na kwamba utaikabidhi kwa Baraza au Polisi wakiitaka.

Usimfuate pia mama huyo kitandani ukamtaka atie sahihi maelezo. Watafiti waliofanya kazi katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, waliwauliza kina mama kama walidhalilishwa walipojifungua. Walioulizwa wakati wa kuruhusiwa kutoka hospitali, karibu 19 kati ya kila 100 walisema ndiyo, lakini walioulizwa tena baadaye wakiwa majumbani walikuwa 28. Aliye bado mikononi mwa watu wa wodi huchagua maneno yake, na maelezo yaliyochukuliwa pale yanaweza kukugeukia.

Barua isiyo na jina nayo ina sifa isiyostahili. Katika wodi yenye wauguzi watatu kwa zamu, barua inayotaja tarehe na kitanda imekwisha kumtaja mwandishi, na ile isiyotaja tarehe wala kitanda haichunguziki. Huko Winkler, jimbo la Texas nchini Marekani, mwaka 2009 wauguzi wawili, Anne Mitchell na Vickilyn Galle, walipeleka barua isiyo na jina kwa bodi ya madaktari ya jimbo wakilalamikia utendaji wa daktari mmoja wa hospitali yao. Mkuu wa polisi wa kaunti, rafiki wa daktari huyo, aliipata barua, akapekua kompyuta za hospitali na kuwagundua. Walifukuzwa kazi, wakashtakiwa kwa kosa ambalo kifungo chake kingeweza kufika miaka 10. Shtaka la mmoja liliondolewa. Mwingine alisimama kizimbani Februari 2010, na wazee wa baraza wakamwachia baada ya kujadiliana kwa muda usiofika saa moja. Baadaye walilipwa dola 750,000 wagawane, na mwaka 2011 mkuu huyo wa polisi akatiwa hatiani yeye. Kesi hii hunukuliwa na wapenzi wa barua za siri kana kwamba inawaunga mkono, wakati inasema kinyume chake. Kuficha majina hakukuwasaidia chochote, kwani waligunduliwa. Kilichowaokoa ni kwamba barua ile ilikwenda kwa chombo chenye mamlaka juu ya daktari, si gazetini wala kwa mwanasiasa, na ndani yake mlikuwa na mambo yanayoweza kukaguliwa.

Kwa upande wako, chombo hicho ni mganga mfawidhi wa hospitali kwa maandishi, na asipochukua hatua, Baraza la Uuguzi na Ukunga, huku ukimpa nakala mganga mkuu wa wilaya. Angekuwa mgonjwa ni mtoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ingekulazimisha kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na hapo swali la kunyamaza lisingekuwepo.

Barua ya kujieleza uijibu ndani ya muda uliopewa, hata kama imekuudhi. Jibu uchelewaji kwa kitabu cha mahudhurio, siku kwa siku, kisha weka aya moja tu inayosema kwamba zamu zako zilibadilishwa wiki tatu baada ya kutoa taarifa ya mgonjwa kupigwa, na barua hii ikafuata. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, una haki ya kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 na kuingia na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Kama wewe ni mwanachama wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa Serikali na afya, huu ndio wakati wa kukitumia. Usijiuzulu kwa hasira. Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kumfanya mtu ajiuzulu kwa kuifanya kazi isivumilike, lakini hapo mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe, wakati ukiachishwa kazi ni mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu.

Angalia pia ni nani hasa mwajiri wako, jambo ambalo wauguzi wa hospitali za dini hulichanganya sana, hasa pale hospitali inapokuwa teule, yaani inayotumika kama hospitali ya wilaya kwa makubaliano na Serikali, na baadhi ya watumishi wakawa wanalipwa na Serikali. Kama barua yako ya ajira imetoka kwa taasisi, mgogoro wa kuachishwa unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kama wewe ni mtumishi wa umma uliyepelekwa pale, lazima kwanza umalize njia za rufaa za utumishi wa umma, na Tume ya Usuluhishi itakurudisha mlangoni ukianzia kwake.

Ninamrudia yule bwana wa barua kwa waziri, kwa sababu hayuko peke yake. Vishoka wa namna hii wanakaa nje ya mahakama, kwenye vibanda vya kuchapa barua, na siku hizi ndani ya makundi ya simu, wakiuza barua zilizoandikwa kwa mfano mmoja, zenye maneno makali ya kisheria na vifungu vya sheria zilizokwisha kufutwa. Fedha wanazochukua ni hasara ndogo. Huwaambia watu wasubiri barua ifanye kazi huko juu, na watu husubiri, huku siku 30 zikihesabika tangu tarehe ya kuachishwa. Fomu Namba 1 ya Tume haina malipo, na maofisa wake humwelekeza mtu namna ya kuijaza. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kueleza sababu ya msingi kwa kila siku iliyopita, na sijapata kuona mwamuzi akikubali kwamba kungojea majibu ya barua isiyo na jina ni sababu ya msingi.