Vidole baridi kwa sababu ya atenolol

Dada, pole kwa mama. Umeuliza kama aache atenolol, dawa yake ya presha, kwa vile vidole vyake vinakuwa baridi, hata na joto hili la Kisumu. Tafadhali asiache ghafla: presha inaweza kuruka juu, hata akapata mshtuko wa moyo. Dawa hii huzuia adrenalini isiukimbize moyo, hivyo unapiga polepole, kwa nguvu kidogo, na presha inashuka. Ila damu inayofika vidoleni nayo hupungua, ndiyo hiyo baridi. Mpeleke kliniki wiki hii wampime mapigo. Yakiwa chini ya 50 kwa dakika na ana kizunguzungu, msingoje. Zipo dawa nyingine za presha zinazotanua mishipa. Na kama ana pumu, daktari aambiwe mapema, maana atenolol inaweza kumbana kifua.