Kwa Mliofika Maabara Kisumu: Ulizeni Umri Kabla ya Kusoma Virusi

Wadogo zangu, juma lililopita nilimwona mmoja wenu akiandika kwa wino mwekundu kwamba jenotaipu D (yaani aina D ya kijenetiki) ya virusi vya homa ya ini B huleta sirosisi, makovu ya ini, kuliko A1, tawi la jenotaipu A, ilhali sampuli zake za D zilitoka wodini na zile za A1 zilitoka kwa wachangiaji damu. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa nami niliwahi kuliwa na kosa hilohilo.

1. Jueni kila sampuli imetoka kwa nani. Miaka ile nilikusanya damu ya watu wenye saratani ya ini katika hospitali moja, na ya wabebaji wazima, wenye virusi bila ugonjwa, niliowapata kwenye uchunguzi wa kawaida. Mabadiliko pacha A1762T na G1764A (herufi za jenomu ya virusi zilizobadilika katika nafasi ya 1762 na 1764) yalijaa upande wa saratani, nami nikaandika rasimu usiku kucha, hata nikawapigia simu wazazi wangu Kakamega kuwaarifu kwamba mtoto wao amegundua jambo. Siku ya kuwasilisha, mama mmoja wa takwimu, aliyekuwa akinywa chai yake kimya, aliniuliza: "Mwanangu, wagonjwa wako wana umri gani, na hao wazima?" Sikuwa na jibu, kwani safu ya umri nilikuwa nimeifuta ili jedwali litoshee ukurasa mmoja. Nilipoirudisha, nikaona wagonjwa wamewazidi wabebaji kwa miaka mingi. Mabadiliko hayo huongezeka kadiri maambukizi yanavyokaa mwilini na kinga inavyopambana nayo. Uhusiano wake na saratani si uzushi, kwa maana wengine wameuona kwa kuwafuatilia wabebaji mwaka baada ya mwaka, lakini data yangu haikuweza kuutenganisha na uzee. Nilikuwa nimethibitisha, kwa gharama kubwa ya vitendanishi, kwamba wazee ni wazee. Rasimu ile ingali kwenye droo yangu, na chai ya mama yule sijaisahau.

2. HBeAg hasi, yaani antijeni e ya virusi isipoonekana kwenye damu, si cheti cha afya. Katika jenotaipu D, badiliko G1896A huzalisha kodoni ya kikomo, alama ya kusimamisha utengenezaji wa protini, antijeni hiyo isitengenezwe, huku virusi vikiendelea kuzaana. Katika A badiliko hilo ni adimu, kwa sababu nafasi ya 1858 kwa kawaida ina C inayoshikana na G ya 1896 kwenye kikunjo cha RNA. A1 ina njia zake nyingine, zikiwemo mabadiliko ya 1809 hadi 1812. Basi msiandike "1896 haijabadilika" mkafunga faili. Pimeni wingi wa virusi.

3. Hesabuni nafasi za jenomu kuanzia pale kimeng'enya EcoRI hukata DNA, mkikumbuka kwamba jenomu ya A ina nyukleotidi 3,221 na ya D 3,182.

4. Ulizeni kuhusu dawa, hasa kwa wanaoishi na VVU, kwa kuwa lamivudini, dawa ya VVU inayopambana pia na virusi hivi, huchagua M204V, badiliko la usugu katika polimerasi (kimeng'enya kinachonakili virusi), na jeni ya polimerasi imelaliana na ya antijeni ya uso, hivyo badiliko moja laweza kugusa zote mbili. Ulizeni pia kuhusu mahindi, maana aflatoksini, sumu ya ukungu, na virusi hivi hushirikiana kuliharibu ini. Mimi nilipomuuliza mzee mmoja wa Bondo anahifadhi wapi mahindi yake, alidhani natafuta ya kununua, akanitajia bei, na ikanibidi kubishana naye kidogo kabla hajaniambia habari za ukungu.