Kwa anayeanza kukusanya helmeti za zamani za Kijerumani

Ukipata helmeti yako ya kwanza, weka msasa mbali. Nyingi nilizoziona zimekufa hazikuuawa na kutu, ziliuawa na mwenyewe aliyetaka zing'ae. Rangi ya kiwandani, hata ikibaki robo, ndiyo ushahidi wa umri wake. Ukishaikwangua, hakuna rangi mpya itakayourudisha ushahidi huo.

Kabla ya kulipa, igeuze. Kwenye helmeti ya chuma, mara nyingi ndani upande wa kushoto, kuna herufi za kiwanda na namba. Kwenye ET64, kwa mfano, ET ni kiwanda cha Thale, Ujerumani, na 64 ni kipimo cha chuma chenyewe, si cha kichwa: bitana yake huwa 56 au 57. Ukikuta chuma cha 64 kina bitana ya 60, ujue kuna mtu ameunganisha vya helmeti mbili. Kisha tazama matundu ya hewa. Ya M35, yaani muundo wa 1935, yana pete iliyopachikwa, ya M40 (wa 1940) yamefinyangwa kwenye chuma chenyewe. M42 (wa 1942) utaijua kwa ukingo, kwa kuwa haukukunjwa kwa ndani.

Nembo za pembeni ndizo zinazoghushiwa zaidi. Kutu ya kweli hupenya nembo kutoka chini, kwa hiyo nembo safi iliyokaa juu ya kutu imebandikwa baadaye. Usiinunue, hata bei ikishuka.

Hadithi za wauzaji nazo zipimeni kwa tarehe. Ukiambiwa kofia ya chuma iliokotwa kwenye vita vya Tanga vya Novemba 1914, ondoka. Helmeti hizo zilianza kuwafikia wanajeshi kwa wingi mwaka 1916, huko Verdun, Ufaransa.

Pickelhaube, ile ya ngozi yenye ncha juu iliyoanza kuvaliwa Prussia mwaka 1842, inataka subira zaidi, na mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Ngozi yake ilipakwa vanishi nyeusi. Ikikauka husinyaa, vanishi hupasuka na mishono ya ukingo huachia. Watu hukimbilia mafuta ili ilainike, na hapo ndipo huiua: mafuta huingia chini ya vanishi, ikabanduka, na ngozi ikalegea umbo. Ijazeni karatasi laini zisizo na asidi, kidogo kidogo, zishikilie umbo. Mshono ulioachia ushonwe kwa uzi wa kitani kwa kupitia matundu yale yale ya zamani. Gundi hapana. Na ukikuta nyuma ya bamba la nembo la mbele ngozi ina matundu yasiyotumika, basi si bamba ambalo helmeti ilizaliwa nalo.

Kwa chuma, brashi laini kavu iondoe kutu inayodondoka yenyewe, kisha nta nyembamba. Bitana msiing'oe ili kusafisha ndani. Pini zake tatu ni za kukunja miguu, na miguu hiyo mizee ikikunjuliwa hukatika.

Mkinunua Ujerumani mtakuta wauzaji wamefunika alama za Kinazi. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuzionyesha hadharani, isipokuwa kwa makusudi kama ya elimu na historia. Nanyi msizianike sebuleni wala mtandaoni kama pambo. Waliouawa chini ya alama hizo wana watoto na wajukuu walio hai.

Pigeni picha kila upande kabla ya kugusa chochote, na andikeni mlichobadilisha, ili atakayeipata baada yenu ajue kipi ni cha awali na kipi ni cha mkono wenu.