Nahodha wa meli kwenye mto Missouri, Marekani, katika karne ya 19 alipataje faida, na familia yake ilikaa wapi?

Mfano mzuri ni Joseph LaBarge wa St. Louis (1815–1899). Alianza kwa kuajiriwa na wafanyabiashara wa manyoya, baadaye akamiliki meli zake za mvuke. Faida ilikuwa kwenye mizigo ya kupanda hadi Fort Benton, kituo cha biashara huko Montana, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka St. Louis, theluji ya milimani ikiyeyuka na kuujaza mto. Ukichelewa, unakwama mchangani. Balaa kubwa ilikuwa magogo yaliyozama: yalitoboa meli ya mbao, na mtaji wote ukaenda chini. Tope nalo liliganda ndani ya boila, ikabidi isafishwe mara kwa mara. Mkewe Pelagie, waliyeoana 1842, alizaa naye watoto 7. Nionavyo, mzigo wa nyumba yao ya St. Louis ulimwelemea yeye, maana safari moja ilichukua miezi.